Fishi ya Watoto

Riziki mujukuu wangu,

Huku Bweremana tunapumua. Mama yako bado anauza samaki, na bega langu bado linanisumbua.

Umeniuliza kwa nini watu wanajaza vibaya ile fishi, ile fomu uliyotengeneza kwenye site ya internet ya kazi yenu, na wewe unaona iko wazi kabisa.

Mimi pia niliwahi kutengeneza fishi. Wakati wa vita nilikuwa msichana, na kwa sababu nilijua kuandika, paroko alinipa kazi ya kuandika watoto waliopotezana na wazazi njiani. Nilichora mistari kwa rula: jina, miaka. Basi. Niliipenda sana. Lakini wengi walikuwa watoto wa wachuuzi Wanande, na kwao mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Nafasi ya jina la mama sikuiweka.

Mama mumoja alifika kwa miguu kutoka Kibua. Macho yake hayakuweza tena kusoma.

"Dada, unisomee."

Nikasoma: Kambale, miaka mine. Kambale, miaka mine. Kambale, miaka mine. Watoto wenyewe lori lilikuwa limeshawapeleka, kila mumoja kambi yake.

"Wangu njo yupi?"

Yeye hakukosea kitu, Riziki. Ni mimi sikuwa nimemuwazia. Kabla ya kukasirikia watu, funga macho, muntu akusomee fishi yako.

Mama yule alifunga yake, akaniambia, "Soma tena, polepole. Pengine nitamutambua."

Tate yako