Kuli Anajifunza Kulala Ugenini

Bondeni, Mombasa
Jumapili alasiri, Agosti 1947

Kaka Righa,

Barua zangu zote nilizianza kwa kukujulia hali. Hii siwezi, basi naanza na habari za Kuli, yule mbwa. Najua ndizo ungeziuliza kwanza.

Kesho jioni napanda treni ya Voi kwenda nyumbani. Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na Mama anataka ukoo ukae, nguo zako zigawiwe, msiba uondolewe. Nitakuwa huko siku kumi. Kuli siwezi kwenda naye. Wewe mwenyewe ulinihesabia mbwa walioliwa na chui kule kwetu milimani, mmoja wao mlangoni kabisa pa jiko la Mama.

Na hapa uani hakuna wa kumwachia. Bi. Rukia, mwenye nyumba, alimvumilia Kuli miaka yote kwa sababu wewe ulijua kumchekesha. Mimi sijui. Mwezi uliopita Kuli alilamba ndoo yake ya maji, na kelele zikafika msikitini: "Sasa niioshe mara saba, na moja kwa mchanga! Marehemu angekuwapo angeiosha yeye, tena huku akiniimbia!" Nikaiosha mimi. Sikuimba, nilihesabu kwa sauti, moja hadi saba, naye amesimama juu yangu. Aliporidhika akasema kwa upole, "Mwanangu, safari yako nakuombea heri. Lakini mbwa simgusi. Yule ni mbwa wa Righa."

Yule ni mbwa wa Righa. Kila mtu huniambia hivyo, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau.

Ofisini nikaelekezwa kwa Mgoa mmoja mzee kule Tudor, ambaye huwalaza mbwa wa Wazungu wanapokwenda likizo Ulaya. Ana vibanda vya wavu nyuma ya nyumba, kila mbwa na chake. Alivitazama viatu vyangu, akamtazama Kuli, akasema hajapata kupokea mbwa koko. Nikasimama tu. Mwishowe akakubali, kwa masharti: mbwa azoee mnyororo, azoee kufungiwa peke yake, ale kwa saa maalumu, kisha alale usiku mmoja wa majaribio. Na aje na nguo ya mwenyewe, isiyofuliwa. "Mbwa mgeni asiposikia harufu ya kwao hugoma kula," alisema. "Wengine hufa."

Unanijua. Nilirudi nikafungua shajara, nikaigawa kazi hiyo katika wiki tatu.

Nilimtengenezea kibanda kwa mbao za masanduku ya chai. Siku ya kwanza nilimfungia dakika mbili, nami nimekaa nje na saa mkononi. Siku ya pili tano. Siku ya tatu alilia, nikarudi kwenye mbili. Kila alipotulia nilimpa kipande cha samaki wa ng'onda. Kufikia mwisho wa wiki ya pili alikaa ndani tangu naondoka kwenda kazini hadi adhuhuri, na Bi. Rukia akanipa taarifa yake dirishani: "Leo hakulia mbwa wako. Yuwalala tu kama bwana harusi."

Kwa hiyo alijifunza, Kaka. Lakini alinitii kama vibarua wanavyomtii mnyapara: kazi ikiisha, kila mtu na njia yake. Nilipomfungulia alinipita, akaenda kukaa mlangoni. Saa kumi na mbili, wakati ulipokuwa ukirudi kutoka kubeba mizigo Kilindini, aliinua masikio kwa kila buti lililopita barabarani. Mimi nilipopita na viatu vyangu hakuinua kichwa. Ninayempa chakula ni mimi. Niliyemtoa kupe themanini na watatu ni mimi, nimewaandika. Wewe ulimwokota Shimanzi kwenye magunia, ukampa jina, ukamkuna tumbo, basi. Na hilo likatosha.

Nakuonea wivu. Naliandika hapa kwa sababu shajarani sijawahi kuliandika.

Si tangu Kuli. Ni tangu utoto. Ulipoingia nyumbani watu walisogea wakakupa nafasi, nilipoingia mimi waliniuliza, "Righa yuko wapi?" Uliacha shule ili mimi niendelee, na hata hilo likawa sifa yako. Nilipofaulu mtihani, Mama alichinja kuku, akakupa wewe firigisi. Ukaikata ukanipa nusu, nikakasirika zaidi. Mbona hata ukarimu ulinitangulia kuupata? Ukiniona na kalamu ulikuwa ukinitania: "Mdogo wangu, andika na hili: leo Righa amechelewa kuoga." Niliandika. Lipo. Jana nimelisoma nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikafunga daftari kwa hasira kwamba hata shajara yangu inachangamka pale tu ulipo wewe.

Wiki mbili zilizopita ilikuja barua ya Mama, imeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa kanisani. "Mbwa wa mwanangu hajambo? Anakula? Analala wapi?" Mwanangu, kana kwamba alizaa mmoja. Mimi nikaulizwa tarehe ya kufika. Halafu mstari wa mwisho: "Uje na lile koti lake la kazini. Usilifue."

Sasa nakuambia nisilomwambia mtu.

Nimelifua, Kaka. Nililifua mwezi wa pili baada ya mazishi. Kuli alikuwa akililalia kila siku, pua ameitia kwenye kwapa la koti, na nikimwita haji. Jumamosi moja nililivuta kutoka chini yake. Nilililoweka, nikalisugua kwa sabuni ya mche, nikalichemsha, nikalianika juani hadi likawa gumu kama ubao. Nilitaka utoke. Jioni nikamtandikia. Alilinusa kola, akalinusa mikono yote miwili, akalizunguka mara nyingi, kisha akaenda kulala kwenye saruji tupu. Akanitazama kutoka kule. Shajarani siku hiyo niliandika, "Nimefua nguo."

Basi Ijumaa, siku ya majaribio, nilimpeleka Tudor na koti hilo hilo. Ningeweza kupeleka nguo yangu. Lakini niliogopa kwamba ataipuuza mbele ya watu.

Mtunza mbwa pale ni Mgiriama aitwaye Karisa, mtu wa mzaha. Aliponiona namkumbusha Kuli kanuni zake akasema, "Karani, umemleta mbwa au unamwoza?" Nilimwonyesha ratiba ya kula. Akaikunja akaitia mfukoni, akasema mbwa wake hawajui kusoma ila wawili wa Kizungu. Niliondoka kwa baiskeli bila kugeuka, kama kanuni isemavyo.

Jana asubuhi nilirudi. Sahani ilikuwa imejaa vilevile. Koti lilikuwa pembeni. Kuli amesimama kwenye wavu upande wa barabara, sauti imemkauka.

"Hakula, hakulala," Karisa alisema, na safari hii hakutania. Aliliokota koti, akalinusa. "Nguo hii umeitoa dukani? Yanuka sabuni tupu."

Nikamwambia ni ya kaka yangu, kwamba ndiye mwenye mbwa, kwamba amefariki, na kwamba mbwa anamngojea yeye, hakuna la kufanya. Karisa akanirudishia koti. "Kaka yako alikuja hapa lini?"

"Hajawahi kuja."

"Basi mbwa amngoje vipi njiani asikopita? Jana wewe ulikwenda na baiskeli kule. Yeye amesimama akitazama kule, usiku kucha. Vua shati, Karani."

Nilivua. Nilisimama na fulana mbele ya mbwa kumi na Mgoa barazani, karani wa forodhani mimi. Lilikuwa shati la siku mbili, lenye wino kwenye ncha ya mkono na jasho mgongoni. Karisa alilipitisha chini ya wavu. Kuli alilinusa mara moja tu. Halafu akalilalia, akatia pua kwenye kwapa, akapumua kwa nguvu hadi nguo ikatuna. Baadaye akavuta sahani kwa mguu, akala nusu, jicho moja kwangu.

Ningependa kukuambia kwamba wivu uliniisha pale. Nilifurahi kwa muda wa kufika langoni. Kisha nikawaza: kumbe hiki ndicho ulichokuwa nacho. Kila jioni, miaka minne, ulifungua mlango ukatazamwa hivi, ukavua buti kama mtu ambaye hakupewa chochote. Mimi nimekipata siku mbili kabla ya kuondoka. Niliendesha baiskeli hadi Bondeni na fulana, watoto wakinizomea, nami nalia kwa hasira. Na kwa kukukumbuka. Nimeshindwa kuvitenganisha.

Kuli alibaki Tudor usiku wa pili, na leo asubuhi nilimpelekea shati jingine, chafu, na blanketi langu. Alikuwa amemaliza chakula cha usiku. Nilipoondoka alilia, nami niligeuka, mara tatu.

Koti ninalo hapa, limekunjwa juu ya sanduku. Nitamkabidhi Mama mkononi, na kabla hajalipeleka puani nitamwambia nililolifanya na kwa nini. Akinifukuza jikoni nitakaa nje. Hiyo ni ahadi. Ya pili ni hii: siku ya kumi na moja, treni ikifika, sipiti nyumbani, nakwenda Tudor moja kwa moja.

Nami nina ombi moja kwako, na sijawahi kukuomba kitu ukaninyima. Wazee husema mbwa humfuata bwana wake hata kaburini. Una Mama. Una Bi. Rukia, una makuli wote wa Kilindini ambao bado wananisimamisha njiani wakiniambia vichekesho vyako. Huyu niachie. Akikaa kwenye wavu usiku, akainua masikio, nyamaza, Kaka. Usimwite.

Lala salama.

Mdogo wako,
Mwadime