Nimechagua Isanga, Siendi Uyole

Mtaa wa Isanga,
Mbeya.
14 Januari 2025

Mpendwa wifi Evarista,

Kamwene, wifi. Habari za huko Tabora, na habari za siku nyingi? Mgongo wa shemeji Benjamini unaendeleaje? Ulisema alipewa mkanda wa kufunga kiunoni, nami naomba awe anaufunga kweli, maana nawajua wanaume wa rika lake. Sisi hatujambo. Joyness ana mafua kidogo kwa ajili ya baridi ya hapa, lakini anakula na jana ameanza darasa la nne.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikianza kueleza jambo hili nalia, na nikilia watu wanadhani nimekubali.

Kama ulivyosikia, bosi wetu Juzer amefungua yadi ya mbao hapa Mbeya, akaniomba nije kuisimamia. Miaka tisa nimepima mbao Mafinga. Nikiuinua ubao najua kama umekauka au bado. Kazi niliikubali siku ileile. Kilicholeta maneno ni mahali pa kuishi.

Siku ya pili ya Krismasi ndugu zako walikaa kikao pale nyumbani Nyololo. Mimi niliitwa mwishoni, chai ikiwa imeshapoa. Mdogo wako Kasian akaniambia, “Shemeji, mtaa wako umeshachaguliwa.” Ni chumba cha uani, kwake Uyole, huko pembeni mwa mji. Walisema mjane akihamia mjini hukaa ndani ya uzio wa ndugu wa mumewe, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Na kama sitaki, basi niende peke yangu, Joyness abaki Nyololo kwa bibi yake. Niliwashukuru kwa kile chumba, nikasema nyumba ya kulala mimi na mwanangu nitaitafuta mwenyewe. Mama yenu akaanza kukusanya vikombe.

Basi sasa wanasema nimemwiba mtoto. Wifi, mtoto wangu nilipanda naye basi mchana kweupe, begi lake la shule mgongoni, na mama mwenyewe ndiye aliyetufungia mahindi ya kuchemsha ya njiani.

Kasian simchukii. Lakini nataka ujue kwa nini sikukubali. Alipofariki mume wangu Liberatus, mwaka juzi, wanawake wa kiwanda cha mbao walifika na mabanzi vichwani hata kabla sijafikiria kuni za kuwapikia watu zitatoka wapi. Mafundi walipiga randa jeneza lake mpaka ukipitisha kiganja hakikwami popote, kwa sababu wao walimjua. Hata meza ya jikoni ikiwa na kikwaruzo, yeye alikuwa anakigusagusa kwa kidole huku anaongea. Kasian alifika siku ya tatu. Gari lilimharibikia, nami namwamini. Ila siku zile mbili ndipo nilipojua mtaa ni kitu gani.

Nilipofika hapa nilimpata dalali mmoja, Dastan, mtu mzima mwenye kofia ya sufu na maneno mengi. Kwanza alinipeleka mtaa wa Forest. Kuzuri kweli, kuna miti na barabara safi. Tulibisha hodi kwenye mageti matatu, na mageti yote matatu tulijibiwa na mbwa. Nikamwambia tuendelee.

Hapa Isanga tulikuwa tunapita tu. Tukakuta turubai limefungwa uani kwa watu na akina mama wamekaa kwenye mikeka. Kulikuwa na msiba wa mzee mmoja fundi cherehani. Nilimwomba Dastan anisubiri, nikavua viatu, nikaingia, nikatoa pole. Unajua msibani haulizwi mtu ametoka wapi. Nilipewa kisu na beseni la ndizi mbichi.

Wakaanza kunicheka. Mmoja akasema, “Jamani, mwangalieni huyu, ndizi anaichonga kama kalamu. Huyu ni wa ugali.” Nikawaambia ndiyo, mimi wa Mafinga, ndizi kwetu tunakula zilizoiva. Wakacheka zaidi, hata mjane mwenyewe alitabasamu kidogo, kisha akajifunika tena kanga. Aliyenichokoza anaitwa Mama Sekela. Akaniuliza, “Wewe ni wa nyumba ipi?” Nikamjibu kwamba bado sina nyumba, natafuta.

“Basi menya,” akasema, “nyumba itapatikana.”

Nilikaa pale mpaka saa tisa. Niliona kila nyumba ya mtaa ikileta mtu. Mwenye duka alifunga duka. Niliona wanawake wawili ambao hawasemeshani, nilinong’onezwa habari zao, wakibeba sufuria moja, kila mmoja kashika upande wake, huyu anatazama huku na yule kule, na mchuzi haukumwagika. Nikasema moyoni, hapa. Dastan nilimkuta amevua kofia, amekaa na wanaume. Rambirambi alikuwa ameshatoa, alidhani marehemu ni baba yangu mdogo.

Mama Sekela ana vyumba viwili upande wa nyuma, nami ndimo nilimo. Kwenda kazini ni dakika ishirini kwa miguu. Kutoka Uyole ningemwacha Joyness bado amelala na kumkuta ameshalala.

Kasian aliposikia nilivyopata nyumba, alipiga simu akasema nimeokota mkosi, kwamba mtu mwenye akili hachagui makazi msibani. Nilimjibu kwamba wa kwangu nimeshamzika, sasa msiba hauna cha kunitishia. Wifi, sijawahi kumjibu hivyo mtu wa kwenu. Lakini maneno nimeyasema na sitayarudisha.

Amesema Jumapili atakuja kumchukua mtoto. Sikuombi unitetee, wala usiniombee msamaha, maana sijakosa. Ila wewe ni dada yao mkubwa, na wewe ndiye uliyempokea Joyness mikononi siku aliyozaliwa. Ukiwa na neno, mwambie yeye. Mimi nimeshamweleza Mama Sekela, naye amewaeleza wenzake, na wameniambia Jumapili baada ya misa watakuja kukaa uani kwangu wamenye ndizi. Kasian nitampokea kwa heshima zote. Nitampa maji ya kunawa, atakula ashibe, na Joyness atamwamkia. Kisha nitamsindikiza mpaka kituoni, naye atarudi Uyole peke yake.

Nisalimie shemeji Benjamini, Obeid na mkewe, na yule mjukuu ambaye bado sijamwona. Ukiongea na mama Nyololo, mwambie yale mahindi tuliyala yote, na kwamba likizo ya Juni Joyness atakwenda kumsalimia, kisha atarudi kwake Isanga.

Mungu awafunike nyote, akulinde na hiyo barabara unayovuka kila siku kwenda sokoni.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda leo kama siku uliyonipokea kwenu,

Anjela