Theluthi ya Kitambaa

Nabuyonga, Mbale
9 Agosti 1982

Mdogo wangu mpendwa Isa,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Jinja, na kile kikohozi cha vumbi la pamba la kiwandani kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anauliza kama unakula chakula au unashinda na chai tu. Shule zote zimefunguliwa, hata ile ambayo askari walichoma madawati yake kupikia. Watoto wanakaa juu ya matofali na kelele zao ni zilezile.

Uliandika kwamba chuo cha ualimu kinawaruhusu waliokosa nafasi mwaka wa vita warudie mtihani, ila wewe hurudii, kwa kuwa kichwa chako hakikuumbwa kwa hesabu. Maneno hayo yameninyima raha wiki nzima.

Unakumbuka mwaka ule shule zilipofungwa, nikajifanya mwalimu wako pale barazani kwetu, tulipokaa Namatala. Nilikuwa mkali kuliko mwalimu wa kweli. Nikakufundisha kwamba namba wiano ni ile ambayo desimali zake zinafika mwisho, na isiyokwisha si wiano. Ukaniuliza, je, theluthi? Nikakwambia usinipotezee muda. Kwenye mtihani wakauliza habari ya sifuri nukta tatu tatu tatu isiyokwisha. Ukajibu kuwa si wiano, na ninavyokujua ulieleza ukurasa mzima. Ukakosa nafasi kwa alama mbili. Ukamlaumu Mwalimu Magidu, aliyetufundisha sote kabla ya vita, ukisema hakukuwekea msingi, na hadi leo ukija Idi unampita mlangoni mwa msikiti bila salamu.

Sasa nisikilize. Wiki ile ya majibu Mama alipata kitambaa cha mita moja, akataka vilemba vitatu vilivyo sawa. Nikagawanya sentimita mia kwa tatu, nikapata thelathini na tatu nukta tatu, tatu, tatu, nikamwambia hakigawanyiki sawasawa. Mama akanitazama kama mgonjwa. Akakikunja mara tatu, akapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, akakata. Vilikuwa sawa, Isa. Moja juu ya tatu, namba nzima juu ya namba nzima, na ya chini si sifuri: hicho tu ndicho kinachoifanya namba iwe wiano. Desimali zikirudia milele, hazijaharibu kitu. Zisizo wiano ni nyingine, kama urefu wa kitambaa cha mraba cha mita moja kila upande, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Huo hata ukeshe, hupati namba nzima juu ya namba nzima ya kuuandikia.

Kwa hiyo kosa lilikuwa langu, na nililijua tangu siku ile, mkasi ukiwa bado mkononi mwa Mama. Nilinyamaza miaka mitatu. Niliona haya, na nilipenda sana ulivyokuwa ukiniita mwalimu. Nikakuacha umchukie mtu asiye na hatia na udharau kichwa chako mwenyewe. Nisamehe, ndugu yangu.

Ijumaa iliyopita nilimwendea Mwalimu Magidu nikamwambia yote. Hakushtuka. Alisema aliona daftari lako zamani na akautambua mwandiko wangu. Nikamuuliza mbona hakujitetea. Akajibu, “Heri Isa achukie mimi. Nyinyi munakula sahani moja.” Nililia pale pale barazani kwake, mbele ya wanafunzi.

Fomu zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Njoo kabla ya hapo, na ukifika Mbale, pitia kwake kwanza ndipo uje nyumbani. Amesema atakufundisha tena, na mimi nitakaa nyuma nisikilize.

Nimekufungia humu kilemba changu, kile cha siku ile. Kipime, rula yako haitafika mwisho wa hesabu. Lakini ni theluthi kamili, na swali lako la barazani lilikuwa sahihi.

Mama anakusalimu na kukuombea dua. Mungu akulinde njiani.

Dada yako,
Nulu