Mwanga Usioona Mvi

9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu zangu zote zikufikie hukohuko. Mimi mzima, ila goti, nalo tumeshazoeana. Kifua chako kimepona? Unakula? Usinijibu "nakula vizuri" kama mgeni. Niambie unakula nini.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo hili siliamini kwenye simu. Duka langu la mapazia lina masikio kila upande, na wewe ukipiga unaongea kwa sauti mpaka mteja anaacha kupima dirisha lake anatusikiliza.

Fundi saa ameniposa. Yule wa duka la mbele yangu, aliyefiwa na mke mwaka ule ulipoenda chuo. Hakutuma mshenga. Alisimama mwenyewe kati ya pazia la kijani na la maua, akaniambia angependa tuzeekee nyumba moja. Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki. Mwanangu, mtu mzima mimi, moyo ulinienda mbio kama cherehani isiyowekewa kitambaa. Nampenda. Nimeliandika mara moja, usiniulize tena.

Lakini la kidevuni kwangu unalijua. Unalijua peke yako, kwa sababu mama yako alipofariki nilikulaza chumbani kwangu, ukawa unaniona alfajiri na wembe na kioo, wala hukuwahi kuuliza. Nilikupenda zaidi kwa kutouliza huko. Tangu usichana wangu naamka kabla ya watu wote. Sijawahi kusinzia mbele ya mtu, hata safarini, hata nilipolazwa hospitali. Nikiolewa, mwanamume atalala kando yangu, na siku moja atanitangulia kuamka. Siku hiyo inanitisha kuliko kufa.

Sasa msusi wa pale kona kanunua mashine ya leza. Anasema nywele zinakwenda moja kwa moja. Nilijifanya namuulizia rafiki yangu. Kazi hii ndiyo yako: nimwamini? Leza ni moja au ziko nyingi? Yeye anasema leza ni leza, kama moto ulivyo moto.

Jana nimeota nanyoa pazia refu lisilo na mwisho. Kila nikipitisha wembe, maua yake yanadondoka chini, na mtu fulani nisiyemwona anayaokota.

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona. Asubuhi mkate na mayai, mchana nikikumbuka, jioni chochote kilichobaki. Umeridhika?

Barua yako nimeisomea chumba changu cha kazi, mlango umefungwa. Nikalia kwa furaha, nikanawa uso, nikaita mteja. Hongera, Shangazi. Hongera mara mia. Na usimguse yule msusi wala mashine yake.

Moto si moto. Wa kupigia pasi si wa kukaangia. Mwanga wa leza unatafuta weusi; ukiupata unageuka joto, na joto likifika kwenye mzizi, mzizi unakufa. Tabu ni kwamba ngozi zetu nazo zina weusi, na mwanga hauna adabu ya kuchagua.

Hapa tuna mashine tatu. Aleksandraiti ina mwanga mfupi wenye pupa. Kwa mtu mweupe inamaliza kazi haraka, kwako na kwangu inaishia juu kwenye ngozi na kuibabua. Dayodi ni ya katikati, na mikononi mwa mtu makini inawafaa wengi, lakini kwa weusi wako wewe nisingethubutu kuanza nayo, tena usoni. Ya tatu tunaiita YAG. Mwanga wake ni mrefu, unapita kwenye ngozi kama mtu mwenye haraka asiyesimama kusalimiana na kila jirani, unakwenda chini hadi mzizini. Inauma zaidi na inataka uvumilivu wa miezi. Hiyo ndiyo yako.

Basi njoo kwangu. Wembe ruksa, ila usizing'oe wala kuzitoa kwa uzi, maana tunautaka mzizi uwepo. Na kabla sijawasha kitu, daktari wetu atakupima damu, kwa sababu ndevu za mwanamke pengine zinatokana na homoni.

Utakipenda chumba hiki. Madirisha yamezibwa, kipoza hewa kinanong'ona, na miwani yangu ya kazi inageuza kila kitu kijani, hata najiona natembea chini ya maji. Mteja naye namfunika macho, na watu wakifunikwa macho husema. Leo mama mmoja amenisimulia bustani ya babu yake, njia zake na harufu zake, mpaka nikasahau kwamba nipo kwapani kwake.

Swali moja, unijibu kweli. Zote ni nyeusi? Mwanga huu hauoni mvi. Nywele nyeupe haina cha kushika joto, mwanga unapita kana kwamba hapana mtu.

Mwanao,
Chiriku

14 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo, nakula, goti limetulia. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya lile swali lako.

Nyeupe zimezidi. Nilikwenda dirishani na kioo, kwenye mwanga mkali, nikatazama nilichokuwa nakinyoa gizani bila kukiangalia. Zilipokuwa nyeusi hapakuwa na mashine. Mashine imekuja, zimeshakuwa nyeupe. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, halafu sikucheka tena.

Lakini mimi ni mtu wa vitambaa, bwana. Kitambaa cheupe nikikitaka cheusi nakitia rangi. Basi nikasingizia mafua, nikajifungia, nikaacha ziote kidogo, nikazipaka rangi ileile ninayopaka kichwani. Zimekubali zote! Ungeniona ungenipa heshima ya mzee wa baraza. Nikisha kuzipaka nazinyoa, vishina vinabaki vyeusi. Mwanga wenu utake usitake, utaziona.

Ila kuja kwako siwezi. Fundi saa kaniuliza tarehe, nikaahirisha. Kauliza tena, nikaahirisha tena. Alisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayeteremsha mlango wa duka lake. Nikisafiri sasa ataona namkimbia, na atakuwa na haki. Nimempa neno kwamba mwisho wa mwezi atapata tarehe.

Kwa hiyo nimerudi kwa msusi. Nimemuuliza mashine yake ni ipi katika zile tatu zako. Akasema hii inafanya kazi ya zote, ngozi zote, hata ukuta ungenyoleka. Ninakwenda Jumatatu ya tarehe 24. Usikasirike. Siku hizi mchana natazama jua likipita kwenye mapazia, chumba kinakuwa cha bluu, kisha cha njano, kisha cha bluu tena, nami najisikia kama nimeshaolewa zamani na nimesahau tu.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa salamu fupi. Barua yako nimeipata leo. USIENDE. Nimekupigia toka asubuhi, simu imezimwa.

Rangi imeshika nywele iliyo nje. Mzizi uko chini na ni mweupe vilevile, haukusikia habari ya rangi. Tena rangi yenyewe ni weusi: mwanga utaunasa palepale juu ya ngozi na kukuchoma. Na hiyo mashine ya kila ngozi, Shangazi, mtu asiyejua jina la mwanga alioushika asikuguse uso.

Zilizo nyeusi nitakutolea mimi kwa YAG. Nyeupe zina sindano nyembamba ya umeme inayoua mzizi, nywele moja baada ya nyingine, kazi ya mwaka na zaidi. Sikudanganyi.

Au umwambie fundi saa. Kwani masikio yake hayana msitu wa nywele? Nilimwona likizo, mtu angeweza kupotea mle. Wewe umempenda nao. Mbona yeye humpi nafasi ya kukupenda na vyako?

Nakuombea barua hii ikuwahi.

Mwanao

8 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimempigia muuza vitambaa jirani yako, anasema duka limefungwa na hakuna anayekuona isipokuwa fundi saa, naye haulizwi akajibu.

Siwezi kufanya kazi. Jana nimemvalisha mteja miwani yangu, mimi nikavaa yake ya kuziba macho, tukabaki tunasubiriana gizani. Likizo nitapewa mwisho wa mwezi. Niambie neno moja tu, hata liwe baya.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Usilie. Naweza kuandika, kwa hiyo ni mzima. Barua yako ya kunizuia ilifika Alhamisi. Jumatatu ilikuwa imeshapita.

Ilikuwa kama ulivyosema. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni nje. Msusi aliendelea mpaka alipoona malengelenge, ndipo akaanza kulia yeye kabla yangu. Mashine yake ni ile ya pupa, nimesoma jina lake ubavuni, herufi kwa herufi. Hata sikuweza kumgombeza. Alitaka kunisaidia na hakujua, na mimi niliyejua nikaenda.

Daktari wa hapa kanipa dawa ya kupaka na akaniambia wembe usiguse uso mpaka nipone. Nilimuuliza mara tatu kama ana hakika. Ana hakika.

Basi nikajifungia chumba cha nyuma ya duka, na zikaota. Nyeupe na nyeusi, katikati ya mabaka mekundu. Nikatundika pazia jepesi la krimu mlangoni. Miaka yote hii nashona mapazia, sikuwahi kukaa nyuma ya moja kutwa. Sauti zinafika zimelainika. Mwanga unaingia kama maziwa, na saa hazina kona, unadhani ni asubuhi kumbe watu wanafunga maduka.

Fundi saa akaja. Nikamwambia kupitia pazia nina ugonjwa wa ngozi, asiingie. Akavuta kiti upande wake, akakaa. Kesho yake akaja tena na kazi zake, akawa anatengeneza palepale. Alinieleza kila saa imetoka kwa nani na ina maradhi gani. Mimi nikimwambia rangi ya pazia nililotaka kushona, yeye ananiambia lingening'inia dirisha gani katika nyumba yetu. Tuliijenga nyumba nzima hivyo, mwanangu, vyumba na varanda, bila kuonana. Nilikuwa na raha kiasi kwamba niliomba kidonda kisipone.

Halafu siku moja akaweka chini saa aliyokuwa anaitengeneza. Kisha akasema, "Niambie kama kuna mwingine, nikuache." Sauti yake ilikuwa imechoka. Nikaona kwamba nimekuwa nikimuumiza kwa miezi, na yeye anakaa tu kwenye kile kiti akiumia.

Nikafungua pazia.

Alinitazama. Nilimwacha anitazame, mikono nimeishikilia nyuma ili isije ikapanda yenyewe. Akasema, "Ndiyo hii?" Nikasema ndiyo hii. "Hii ndiyo uliyoniahirishia?" Nikasema ndiyo. Akakasirika! Sijawahi kumwona amekasirika. "Nimekaa nikijiuliza nimekukosea nini! Nikadhani una mume kwingine! Kumbe ndevu?" Akakusanya vyombo vyake akatoka, akasahau kiti katikati ya njia.

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka dawa yote ikatoka usoni.

Kesho yake mchana alirudi. Hakusalimia. Akaniambia nilale chali, kwa sababu dawa naipaka vibaya, chini ya taya sifiki. Akanawa mikono, akaipaka yeye, baka kwa baka, bado amenuna, midomo ameifunga kabisa. Mikono yake ni ya mtu anayeshika vyuma vidogo kuliko punje ya mchele. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunigusa pale. Nikamuuliza kama inamchukiza. Akasema, "Inanichukiza kwamba hukuniambia. Tulia."

Harusi ni Juni, uje na sauti yako yote. YAG nitaijia baadaye, na hiyo sindano nitaifikiria. Nikizitoa nitazitoa kwa sababu nimechoka nazo mimi. Siku hizi kuna asubuhi nachoka nazo na kuna asubuhi nazisahau.

Kilichobaki ndicho nilichotaka kukuandikia tangu mwanzo wa barua. Ile siku ya dawa, alipomaliza alikaa kwenye kiti. Nilitaka kuinuka nikajifunike, lakini macho yalikuwa mazito. Nikasema nitayafumba kidogo tu. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Yeye alikuwa palepale, ananitazama, na sikujua ameanza kunitazama lini. Nikageukia upande wa pili, nikalala tena.

Shangazi yako