Namba ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, pamoja na shemeji na watoto. Huku tunapumua tu. Kidonda cha baba kimekauka na anatembea mwenyewe mpaka uani. Bado anatoa vikombe viwili vya chai, kisha kimoja anakirudisha kabatini.

Uliniagiza, kwa kuwa nafanya kazi pale hospitalini, nimtafute aliyemtumia mama ujumbe kwamba mgonjwa wake amefariki, ilhali baba alikuwa wodini akilalamikia uji usio na sukari. Mama aliusoma akiwa mlangoni, akaanguka, na jirani alipofika alikuwa keshakata roho. Ulisema ukimjua mtu huyo hutamsamehe hata akupigie magoti.

Nimechunguza. Aliyefariki ni mzee wa kitanda cha pili, asiye na simu wala ndugu. Mkuu wetu alisema ni mtandao tu, mambo ya kompyuta hayana mwenyewe. Yana mwenyewe, kaka.

Zamani programu ya kuandikisha wagonjwa ilitunga upya kwa kila mgonjwa agizo la kompyuta la kuhifadhi habari zake, ikichanganya humo chochote kilichoandikwa kwenye fomu, na mhuni angeweza kupenyeza agizo lake akaharibu kumbukumbu zote. Ikabadilishwa. Sasa agizo huandaliwa mara moja likiwa na nafasi wazi, kisha nafasi hizo hujazwa kwa kila mgonjwa: jina, kitanda, simu ya nyumbani ambako programu yenyewe hutuma habari zake. Njia ni salama, hata leo naitetea. Ila mwandishi wake alifanya uvivu: mgonjwa akikosa simu, nafasi ile inarukwa. Nafasi ikirukwa haibaki tupu, inabaki na cha mgonjwa aliyetangulia. Mzee yule aliandikishwa baada ya baba, akarithi namba ya mama.

Mwandishi huyo ni mimi. Nilisifiwa mbele ya wenzangu, nikavimba kichwa, nisijaribu hata kwa mgonjwa mmoja asiye na simu. Siku hizi nani hana simu, nilijiambia. Kurekebisha kumechukua mstari mmoja. Majuto ni mjukuu, na wangu amehamia kabisa. Kulia naona haya.

Baba hajui. Kila nikitoka kwenda kazini ananishika mkono, anashukuru kwamba pale angalau tuna mtu wetu.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Wewe sikuombi msamaha. Ulishanijibu.

Mimi mdogo wako.