Alama Inatosha

Jumatatu, 3 Machi

Imekubali! Leza hafifu, bati jembamba lenye mianya miwili, kamera. Mwanga tumeupunguza mpaka chembe zake zinapita moja moja. Mwanzoni nukta hapa, nukta kule, kama mtu anayenyunyiza chumvi ovyo. Baada ya saa mbili — michirizi! Mweusi, mweupe, mweusi. Kila chembe imepita peke yake, lakini zote zimejipanga kama wimbi.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, alipiga makofi. Yeye mhadhiri, mimi fundi wa maabara tu, ila kazi ni yetu wawili na makala itakuwa na majina mawili. Mkuu wa idara alishasema: jina langu likitoka kwenye jarida la chuo, Septemba naingia darasani kusoma shahada. Miaka kumi na tisa nawafutia wenzangu vumbi kwenye vyombo!

Alhamisi, 6 Machi

Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mimi nasema lazima chembe ilipita mwanya mmoja, sisi tu ndio hatujui upi. Shemeji anasema kutojua ni jambo moja, kutokuwepo ni jingine. Njia haipo mpaka iulizwe. Nikamwambia huo ni ujanja wa maneno. Funguo zangu zikipotea, ziko mahali. Akasema chembe si funguo.

Nimekasirika kweli. Kitu kisichoonekana kwa macho kinaninyima raha!

Jumanne, 11 Machi

Wazo langu. Naliandika lisije likapotea.

Nimevunja miwani ya jua, ile ya kukata mng'ao. Kipande kimoja kwenye mwanya wa kushoto, nimekisimamisha. Kingine kulia, nimekilaza. Sasa kila chembe inatoka na alama ya mahali ilipopita. Kamera haiwezi kuisoma alama hiyo. Mimi pia siwezi. Na michirizi — kwisha! Limebaki doa pana. Nikaweka kipande cha tatu mbele ya kamera, cha mshazari, kifute alama. Michirizi ikarudi.

Kwa hiyo si jicho linaloharibu michirizi. Si lazima mtu atazame. Alama inatosha. Nimeandika hivyohivyo kwenye daftari la maabara. Shemeji akasoma, akaweka sahihi chini ya yangu. Akasema hii ndiyo makala yenyewe.

Jumanne, 1 Julai

Jarida limetoka. Jina moja. La shemeji.

Jumatano, 2 Julai

Nimesoma tena, labda macho yangu. Kichwa cha makala: Alama Inatosha. Maneno yangu! Kwenye picha umo hata ufa wa miwani yangu. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: shukrani kwa mafundi wa maabara. Mafundi! Tuko wangapi?

Nilimfuata ofisini. Akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: shemeji usilichukulie hivyo, jambo hili lina sura mbili kama mwanga wenyewe. Upande wa vyombo ni kazi yangu, upande wa nadharia ni yake, zote kweli, inategemea unaangaliaje. Nikamwambia nukta ikishatua kwenye kamera imetua. Hairudi kuwa wimbi eti kwa sababu imemletea mtu aibu.

Akageukia dirishani. Na asiisingizie chembe! Panga vyombo vilevile, utapata michirizi ileile. Yeye Machi kazi ilikuwa yetu wawili, leo nimemuuliza ni ya nani, amenijibu jingine.

Ijumaa, 4 Julai

Nimelalamika kwa mkuu wa idara. Kamati itakaa Alhamisi. Wanataka daftari na maelezo yangu. Daftari liko kwangu, sahihi ya shemeji imo. Akipatikana na hatia, anafukuzwa.

Jumapili, 6 Julai

Amekuja Kitinda, mdogo wangu, mke wa shemeji. Niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini. Alilia. "Dada, akifukuzwa, mimi na watoto tunaenda wapi?"

Nikasema mumeo ndiye aliyefuta jina langu, kamlilie yeye.

Akatikisa kichwa. Kisha: "Si yeye, dada. Makala nilichapa mimi. Jina lako lilikuwepo. Siku tatu anasita kulitoa, anasema atakuambia nini. Nikamwambia mwenye jina peke yake ndiye anayepandishwa cheo. Nikalifuta."

Nilimpa kitambaa afute machozi. Kwa mkono wangu wenyewe!

Jumatatu, 7 Julai

Mke kumpigania mumewe naelewa. Lakini alikuja kwangu kila Jumapili. Alikula, alicheka, alinisuka nywele. Aliniuliza Septemba nitavaa nini siku ya kwanza darasani. Akanichagulia gauni la bluu!

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisema tu.

Alhamisi, 10 Julai

Kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Saa nne na robo. Shemeji ameshaingia. Kitinda amekaa kando yangu, begi lenye daftari liko katikati yetu. Naandika ili nisimtazame.

Ameniuliza, "Dada, utasema nini?"

Nimesema sijui.

Anasema ninajua, nataka tu kumkomoa. Laiti! Tangu asubuhi nalitafuta jibu kama nilivyokuwa nikitafuta funguo, nikiamini liko mahali, limejificha. Nikiwaza makala, nasema kila kitu. Nikiwaza watoto, sisemi neno. Chini ya hayo mawili hakuna la tatu. Shemeji alikuwa sahihi siku ile chai ilipopoa, na hilo nalo linaniuma. Si kwamba jibu silijui. Halipo bado.

Mlango umefunguliwa. Katibu anaita jina langu — kwa sauti, jina zima, kama lilivyotakiwa kuandikwa.

Kitinda ameshika mkanda wa begi. Sijui ananipa au ananizuia