Habari za Lile Pipa la Bluu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba ujana umeshaondoka. Je, mpwa wangu tumbo lake linaendeleaje? Nauliza hilo kabla ya mengine, na utaona kwa nini. Univumilie na mwandiko huu, unajua shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji.

Najua una hasira nami. Tangu nilipokupigia kukwambia usitie tena maji kwenye lile pipa la bluu kwa sababu tajiri wangu analitaka, hupokei simu zangu. Ulisema kama analitaka alifuate mwenyewe, ukamtakia na safari njema. Ukaongeza kwamba bomba la hapo hutoa maji linapojisikia, na nusu ya mtaa sasa inachota kwako. Naandika ili usilitumie tena, na safari hii nikupe sababu ya kweli.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Hapa karakanani tunang'arisha vyuma: mabomba ya bafuni, vitasa vya milango, usukani wa baiskeli. Chuma huchovywa kwenye mabeseni ya dawa kali, kikatoka kinameta hata unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Dawa hiyo huja ndani ya mapipa ya plastiki. Zamani pipa likiisha, aliyewahi ndiye aliyeondoka nalo. Kisha watu wa manispaa wakaleta masharti. Dawa zikae stoo yenye ukingo wa saruji, zikimwagika zisifike mtaroni. Na kila pipa tupu litobolewe kabla ya kutoka getini, lisije likatiwa maji au unga na mtu asiyejua. Msimamizi alinichagua mimi kuwa mtoboaji. Natumia nondo iliyopashwa moto. Wenzangu walinitania wakasema sasa nimekuwa nesi, nadunga mapipa sindano. Mimi mwenyewe nilidhani ni mambo ya watu wa ofisini, wasiojua foleni ya maji ilivyo.

Halafu mkaguzi wa manispaa akarudi. Ni mama mmoja mpole, anavaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alimkuta mlinzi wetu na pipa la maji ya kunawa, alilojichukulia kabla ya masharti kuja. Mlinzi alijitetea kwamba amelisugua kwa sabuni mpaka mikono ikachubuka. Yule mama hakubishana naye. Alichovya kipande cha karatasi ndani ya yale maji, kikabadilika rangi mbele yetu sote. Akatueleza kwamba plastiki hunywa ile dawa, kisha huitema kidogo kidogo ndani ya maji, na sabuni haifiki ilikojificha. Akauliza kama kuna mtu anayeyanywa. Mlinzi akasema hapana, ni ya kunawa tu, na wote wakashusha pumzi. Mimi niliingia chooni nikakaa humo mpaka niliposikia gari lake linaondoka. Jioni hiyo ndipo nilipokupigia.

Dada, tajiri halitaki pipa lako. Hajui hata kama lipo. Ni moja ya yale niliyopewa nitoboe. Nililificha nyuma ya ukuta wa stoo, nikalisugua kwa sabuni na mchanga, nikamkabidhi dereva wa lori anayepita huko kwenu. Ile mikwaruzo uliyoniuliza, nikakujibu ni ya safarini, ni mahali palipokuwa na picha ya fuvu. Niliikwangua kwa kisu. Mtu asiyejua hakwangui fuvu.

Miaka yote hii nimekuwa ndugu wa ahadi zisizotimia. Ulipopokea pipa ukapiga simu kusema majirani wanauliza ni ndugu gani huyo anayekukumbuka hivyo, nilitembea siku nzima kifua mbele. Sikutaka kukipoteza kile kifua. Ndiyo maana uliponiambia mtoto anatapika, neno lilifika mdomoni nikalimeza. Nikasema pole, atapona, nikakata simu. Hilo linaniuma kuliko pipa lenyewe.

Mpeleke hospitali leo, na watoto wengine pia. Usiseme ni tumbo tu. Mwambie daktari wamekunywa maji yaliyokaa kwenye pipa la dawa ya kung'arishia vyuma, yenye tindikali na kromu. Majina hayo nimemuuliza msimamizi. Naye akaniuliza nayatakia nini, nikamwambia yote. Alinitazama, akasema nimalize barua kwanza, habari ya kazi yangu tutaongea baadaye.

Barua hii anakuletea dereva yuleyule. Nimemweleza naye, asije akaisahau mfukoni. Akasema kwamba safari iliyopita alipopita kukusalimu ulimpa maji, na kwa kiu aliyokuwa nayo aliomba kikombe cha pili.

Nimempa nondo yangu. Ipasheni moto mlitoboe pande zote, mchana, mbele ya wote wanaochota kwako, na wao pia waende wakapimwe. Watashangaa kwa nini unaharibu pipa zima. Usinifichie, dada. Wao ndio waliouliza ni ndugu gani huyo. Sasa wape jibu.

Nisalimie shemeji. Mpwa wangu sijui nimtumie salamu gani, mshikie mkono tu. Simu yangu iko wazi, na hata ukipiga kunitukana nitapokea.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyembeba mgongoni.